Barua ya wazi kwa wasimamizi wa majina ya kikoa: mteja aliyetapeliwa hana kiti katika kesi zenu

Kwa Bodi ya Wakurugenzi ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya kikoa, yaani anwani za intaneti, duniani kote. Kwa Kituo cha Usuluhishi na Upatanishi cha Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO). Na kwa kampuni zote zilizoidhinishwa kusajili majina ya kikoa.

Yah: Majina ya kikoa yanayoiga alama za biashara zinazojulikana

Waheshimiwa,

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kupokea malalamiko ya wateja. Mengi ni ya kawaida, mzigo uliochelewa au risiti isiyofika, nayo humalizika kwa simu moja. Ipo hata hivyo aina moja ya malalamiko ambayo sijaizoea hadi leo. Mtu huandika kwa ukali, na ana haki ya kuwa mkali, akidai bidhaa aliyoilipia wiki tatu zilizopita. Huambatanisha risiti yenye nembo yetu, rangi zetu na hata maneno yetu ya shukrani, nami nikiitazama anwani ya tovuti iliyo chini ya risiti hiyo naona herufi moja imezidi. Hakununua kwetu. Fedha zake ziko kwa mtu nisiyemjua, na mimi ndiye ninayepaswa kumpa habari hiyo.

Nawaandikia ninyi, na si polisi, kwa sababu jina lile lenye herufi iliyozidi lilisajiliwa kwa utaratibu unaosimamiwa na ICANN, likauzwa na kampuni yenye idhini ya ICANN, na njia niliyoelekezwa ya kuliondoa ni ile iliyopendekezwa na WIPO mwaka 1999 na kupitishwa na ICANN mwaka huohuo: Sera ya Pamoja ya Utatuzi wa Migogoro ya Majina ya Kikoa, inayofahamika kwa kifupi kama UDRP. Nimeisoma sera hiyo na kanuni zake mara nyingi kuliko nilivyopenda. Hoja yangu ni kwamba ilitungwa kwa ajili ya mkosaji wa aina moja, na mkosaji aliyepo sasa ni wa aina nyingine kabisa.

Tazameni kesi ya kwanza iliyoamuliwa chini ya sera hiyo, Januari 2000. Ilihusu jina worldwrestlingfederation.com. Mtu mmoja alilisajili Oktoba 1999, na siku tatu baadaye akawaarifu wenye alama ya biashara kwamba yuko tayari kuwauzia kwa dola 1,000. Huyo alikuwa mnyakuzi wa majina wa zama zile: alishika jina, akakaa nalo, akamngoja mwenye alama aje na pochi yake. Aliyeumia alikuwa mwenye alama, na kwa hiyo ilikuwa sawa kwamba kesi iwe kati ya watu wawili tu, mlalamikaji mwenye alama na mlalamikiwa mwenye jina. Tapeli wa leo hana haja ya kututafuta sisi, kwa kuwa anamwendea mteja moja kwa moja. Anajenga duka linalofanana na letu, au anatuma ankara kwa barua pepe inayofanana na yetu, na anachotaka si kutuuzia jina bali kulitumia kwa siku chache kabla halijastukiwa. Anayeumia zaidi ni mtu ambaye sera haimtaji popote, asiyeweza kufungua shauri, na ambaye hata shauri likishinda hatapata senti.

Sisemi kwamba sera hiyo haijafanya kazi. Masharti yake matatu yameshikilia kwa zaidi ya miaka 25, nayo ni ya busara: kwamba jina lifanane na alama ya mlalamikaji kiasi cha kuchanganya watu, kwamba mwenye jina hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Majopo ya wataalamu yanayoamua mashauri hayo yameyafasiri kwa akili. Katika kesi ya kampuni ya simu ya Australia, Telstra, mwaka 2000, jopo lilikubali kwamba hata jina lililoachwa kimya bila tovuti yoyote linaweza kuwa limetumiwa kwa nia mbaya, ikiwa mazingira yote yanaonyesha kuwa hakuna matumizi halali yanayofikirika. Mwaka 2005 Google ilipewa majina kama googkle.com, ghoogle.com na gooigle.com, yaliyokuwa yakimwingizia programu hasidi mtu ambaye kosa lake lilikuwa kidole kugusa kitufe cha jirani. Wanaoiheshimu sera hii wana sababu, na mimi ni mmoja wao.

Lakini hesabuni siku. Shauri likishafunguliwa na kukaguliwa, mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu. Asipojibu, na tapeli kwa kawaida hajibu, huteuliwa jopo, nalo lina siku 14 za kutoa uamuzi. Uamuzi ukitoka, msajili, yaani kampuni iliyouza jina hilo, husubiri siku 10 za kazi kabla ya kuutekeleza, iwapo mlalamikiwa ataamua kwenda mahakamani. Ukijumlisha na siku za makaratasi katikati, shauri ambalo hakuna aliyelipinga huchukua takriban miezi miwili. Na katika miezi hiyo miwili jina halizimwi. Jambo hili huwashangaza watu wote ninaowaeleza. Kanuni zenu zinasema wazi kwamba jina likifunguliwa shauri hufungwa lisihamishiwe kwa mtu mwingine wala kwa msajili mwingine, ila kufungwa huko hakugusi uwezo wake wa kufunguka kwenye kivinjari. Naelewa kwa nini iliandikwa hivyo: mtu asiyekuwa na hatia hapaswi kupoteza tovuti yake kwa tuhuma tu. Hata hivyo, kwangu mimi maana yake imekuwa hii, kwamba baada ya kufungua shauri, kulipa ada na kupeleka ushahidi, niliendelea kupokea risiti za uongo kila wiki kutoka katika duka lile lile lililokuwa likishitakiwa.

Tulishinda shauri hilo. Mlalamikiwa hakuandika neno hata moja, jopo liliona kila tulichokionyesha, na jina likahamishiwa kwetu. Katika wiki hiyohiyo likaibuka jina jingine, safari hii herufi mbili zikiwa zimebadilishana nafasi, na ndani yake duka lile lile, lenye picha zile zile na kosa lile lile la tahajia katika ukurasa wa malipo. Ada ya WIPO kwa shauri la jina moja hadi matano mbele ya mwanajopo mmoja ni dola 1,500, bila kuhesabu wakili. Ada hiyo hulipwa na mwenye alama, na haimrudii akishinda. Kwa aliyeshindwa, sera inaruhusu mambo mawili tu, jina lifutwe au lihamishwe. Linganisheni na sheria ya Marekani dhidi ya unyakuzi wa majina ya kikoa, ambayo nayo ni ya mwaka 1999: inaruhusu mahakama kumtoza mkosaji fidia ya kati ya dola 1,000 na dola 100,000 kwa kila jina. Chini ya UDRP tapeli hupoteza kitu alichokinunua kwa bei ndogo na alichokuwa ameshakitumia. Hiyo si hasara kwake, ni gharama ya kufanyia kazi. Kampuni kubwa zenye idara nzima ya sheria huweza kuendelea na mbio hizo mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana idadi ya mashauri mbele ya WIPO ilipita 6,000 mwaka 2023. Zile zenye alama inayojulikana lakini mfuko mwembamba huchagua shauri moja katika kila majina kadhaa, na wateja wa majina yaliyobaki hawana wa kuwatetea.

Jambo la pili linahusu kumjua tunayemshitaki. Hadi Mei 2018 mtu aliweza kutazama katika rejista na kuona jina na anwani ya mwenye kikoa, hata kama mara nyingi zilikuwa za kubuni. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi ilipoanza kutumika, taarifa hizo zilifichwa karibu zote. Siwalaumu kwa kulinda faragha, kwa kuwa mtu wa kawaida mwenye tovuti yake hapaswi kuanika anwani ya nyumbani kwake kwa dunia nzima. Ninachokilalamikia ni mpangilio uliofuata. Leo mlalamikaji hufungua shauri dhidi ya mtu aliyefichwa, hulipa, na ni baada ya hapo tu msajili anapotoa taarifa za mwenye jina. Kanuni zinaruhusu majina mengi kuunganishwa katika shauri moja ikiwa mwenye majina ni mmoja. Lakini nitajuaje kwamba ni mmoja, wakati jambo hilo hasa ndilo lililofichwa hadi nilipe? Huduma ya kuomba taarifa za usajili ambayo ICANN iliianzisha kwa majaribio Novemba 2023 ilikuwa hatua njema, ila ushiriki wa wasajili ndani yake ulikuwa wa hiari, na katika uzoefu wangu wasajili wanaouza zaidi majina ya aina hii ndio wanaochelewa zaidi kujibu.

Nije sasa kwenye dakika ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote, yaani dakika ya kuuza. Aya ya 2 ya UDRP inasema kwamba kila anayesajili jina anathibitisha kwamba, kwa kadiri anavyojua, usajili wake hauvunji haki za mtu mwingine. Ni ahadi nzito, na kila msajili anaiweka katika masharti yake. Je, nani huikagua? Nimejaribu mwenyewe, kwa idhini ya mwajiri wangu, kununua jina lenye alama yetu pamoja na neno la kawaida la malipo. Sikuulizwa swali lolote. Mtambo ulichonipa ni mapendekezo ya majina mengine matano yanayofanana, yote yakiwa na alama yetu ndani yake, pamoja na punguzo iwapo ningenunua zaidi ya moja. Mtambo unaoweza kubuni majina yanayoiga unaweza pia kuyatambua. Sioni jibu la kiufundi kwa hoja hiyo, na hakuna msajili aliyewahi kunipa jibu hilo.

Mnalo tayari daftari ambalo lingeweza kusaidia. Tangu mwaka 2013, vikoa vipya vya ngazi ya juu, yaani miishio mipya ya majina kama .com ilivyo, vilipoanza kufunguliwa, kumekuwapo hifadhi kuu ya alama za biashara, ambamo mwenye alama huandikisha alama yake mara moja. Anayetaka kusajili jina linalolingana na alama hiyo katika siku 90 za mwanzo za kikoa kipya hupewa onyo, na mwenye alama huarifiwa. Wazo ni zuri. Utekelezaji wake, hata hivyo, unamkosa mtu aliyekusudiwa, kwa kuwa onyo hutolewa jina likilingana na alama herufi kwa herufi, au likiwa miongoni mwa majina machache ambayo uamuzi wa awali ulishayatambua kuwa yamewahi kutumiwa vibaya. Tapeli hahitaji ulinganifu wa herufi kwa herufi. Kazi yake yote imesimama juu ya tofauti ya herufi moja. Siku 90 zikipita, wajibu wa onyo nao unakoma. Aliyetengeneza kinga hii alimfikiria mfanyabiashara mwaminifu aliyegongana na alama ya mwenzake kwa bahati mbaya, na watu hao wapo, lakini si hao wanaonijazia sanduku la barua.

Kuhusu herufi za alfabeti nyingine zinazofanana na zetu kwa macho nitasema machache tu. Aprili 2017 mtafiti mmoja alisajili jina lililosomeka kama la kampuni ya Apple huku kila herufi yake ikiwa ya Kisiriliki, na baadhi ya vivinjari vililionyesha bila tofauti yoyote. Watengenezaji wa vivinjari walirekebisha upesi. Ninalitaja kwa sababu jina hilo lilipita katika usajili kama jina jingine lolote.

Aprili 2024 ICANN ilifanya marekebisho ya mikataba ambayo nayashukuru kwa dhati. Sasa msajili akipewa ushahidi wa kutosha kwamba jina linatumika kwa wizi wa taarifa kwa hila au kusambaza programu hasidi, analazimika kuchukua hatua. Kwa maduka bandia yaliyo wazi, mabadiliko hayo yamesaidia, ingawa si kila msajili analielewa neno «ushahidi wa kutosha» kwa namna moja. Lakini fikirini jina linaloiga letu, lisilo na tovuti yoyote, ukurasa mtupu, ila limeshawekewa mipangilio ya kupokea na kutuma barua pepe. Nimewahi kuripoti jina la namna hiyo. Nilijibiwa kwamba hakuna madhara yanayoonekana. Siku kadhaa baadaye mteja wetu mmoja alipokea kutoka katika jina hilohilo barua ya heshima ikimjulisha kwamba akaunti yetu ya benki imebadilika. Jopo la Telstra lilielewa mwaka 2000 kwamba ukimya wa jina nao unaweza kuwa ushahidi. Msajili wa leo bado ananitaka nisubiri mtu aibiwe kwanza.

Najua mtakachonijibu, na jibu lenu lina uzito. Wenye alama nao si malaika. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani, ambaye Nissan lilikuwa jina la ukoo wake, alifungua kampuni ya kompyuta kwa jina hilo mwaka 1991 na kusajili nissan.com mwaka 1994. Desemba 1999 kampuni ya magari ya Nissan ilimshitaki ikidai mamilioni ya dola. Aliendesha kesi kwa miaka mingi na kubaki na jina lake, lakini kwa gharama ambayo hakuna anayepaswa kuilipa kwa kutumia jina la baba yake. Kanuni za UDRP zinalitambua kosa la kumnyang'anya mtu jina kwa kutumia vibaya utaratibu, nalo jopo linaweza kulitangaza. Lakini linaishia kulitangaza. Mlalamikaji aliyefanya hivyo halipi chochote. Yapo pia majina ambayo ni maneno ya kawaida ya lugha, yapo ya wakosoaji wanaoisema kampuni kwa haki, na yapo ya wauzaji halali wa bidhaa za kampuni ambao, kwa mujibu wa uamuzi wa jopo katika kesi ya Oki Data ya mwaka 2001, wanaweza kutumia alama katika jina lao wakiuza bidhaa hizo tu na wakieleza wazi kwamba wao si kampuni yenyewe. Sitaki utaratibu utakaowafagia hawa. Ningekuwa mnafiki kuomba adhabu kwa tapeli na kumwachia mwajiri wangu uhuru wa kuonea.

Ninachoomba, kwa hiyo, kinaanzia kwenye dakika ya kuuza. Hifadhi ya alama ifanye kazi wakati wote na katika vikoa vyote vilivyo chini ya mikataba ya ICANN, .com ikiwamo, na itambue mabadiliko ya herufi moja pamoja na alama iliyounganishwa na maneno kama malipo, huduma au akaunti. Jina likigusa hapo lisikataliwe. Mnunuzi aulizwe tu anakusudia nini, athibitishe utambulisho wake kwa msajili, na jina lisianze kufanya kazi kabla hajafanya hivyo. Mwenye jina la ukoo, mkosoaji na muuzaji halali watajibu kwa dakika chache. Mtu ambaye ameshashindwa katika mashauri yaliyopita, na maamuzi yote yamechapishwa kwa kila mtu kusoma, asiuziwe jina jingine linalogusa alama yoyote mpaka aeleze. Mtu atasema kwamba tapeli atatumia jina la kubuni. Atatumia, na ndiyo sababu naomba uthibitisho ufanyike kabla, si baada.

Kuhusu ada, naomba jambo ambalo wasajili hawatalipenda. Msajili ambaye majina aliyoyauza yanashindwa katika mashauri kwa kiwango kisicholingana na ukubwa wa biashara yake achangie mfuko wa kuwarudishia walalamikaji walioshinda ada zao. Mlalamikaji aliyetangazwa na jopo kwamba alijaribu kumnyang'anya mtu jina lake alipe gharama za utetezi za mtu huyo. Na katika shauri ambalo mlalamikaji ameonyesha risiti au barua za udanganyifu kutoka kwa watu walioibiwa, mwanajopo wa dharura apewe uwezo wa kulizima jina ndani ya siku chache, kwa muda, huku mwenye jina akiwa na haki ya kusikilizwa na kurudishiwa mara moja akijitokeza. Utaratibu wa haraka wa kusimamisha majina ulioanzishwa mwaka 2013 unaonyesha kwamba jambo hili linawezekana, ijapokuwa nao huliacha jina kwa mwenye nalo hadi muda wa usajili uishe.

Awamu iliyopita ya vikoa vipya, ya mwaka 2012, ilileta maombi 1,930, na zaidi ya vikoa 1,200 vikaingia kazini. Awamu nyingine mmeipangia mwaka 2026, kwa ada ya dola 227,000 kwa kila ombi. Kila kikoa kipya ni uwanja mwingine ambamo jina letu linaweza kuigwa kwa herufi moja zaidi, wakati mapitio kamili ya UDRP yenyewe yameahirishwa mwaka hadi mwaka. Naomba mapitio hayo yafanyike na kukamilika kabla vikoa vya awamu hiyo havijaanza kuuza majina kwa umma, na kwamba miongoni mwa watakaosikilizwa wawemo watu walioibiwa. Nina barua zao. Wengi wameshanipa ruhusa ya kuzipeleka kwenu, nami nitazituma siku mtakayoniambia zipelekwe wapi.

Wenu mtiifu,

Mpokea malalamiko ya wateja